Kijana na upara wa kurithi: Dawa ipo, lakini siri ndiyo inayowaponza wengi

Upara wa mzee si habari. Mtu wa miaka 60 mwenye kichwa kinachong'aa huamkiwa kwa heshima, hupishwa kiti kwenye matatu na maisha huendelea. Lakini kijana wa miaka 21, ambaye hata ndevu hazijamkolea vizuri, anapoona paji lake la uso likipanda juu mwezi baada ya mwezi, huo kwake ni msiba wa kimyakimya. Huvaa kofia hata darasani. Katika picha za harusi ya dada yake husimama nyuma kabisa. Siku ya kunyoa huenda kwa kinyozi wa mtaa wa mbali, ambako hajulikani, ili asisikie maneno.

Na maneno yapo. Wenzake humwita Uwanja wa Ndege. Wengine humfariji kwa kumwambia kuwa pesa ziko njiani, kwa maana kwetu Kenya ipo imani ya siku nyingi kwamba kipara ni dalili ya utajiri. Ukweli ni kwamba pesa hizo haziji. Zinazoonekana ni zile zinazomtoka yeye mfukoni: leo chupa ya mafuta iliyouzwa kwenye basi, kesho unga wa mizizi, kesho kutwa tembe zilizoagizwa kwa simu kutoka kwa mtu asiyemjua. Yote hayo huyafanya bila baba wala mama kufahamu.

Juma hili, wapenzi wasomaji, tumeonelea tulizungumze jambo hili waziwazi. Upara wa kurithi una dawa ambazo zimejaribiwa na kuthibitishwa. Lakini dawa hizo zina masharti, na baadhi yake zina madhara ambayo kijana hafai kuyakabili peke yake. Kwa hivyo adui mkubwa wa kijana huyu si upara wenyewe. Ni siri.

Maji hufuata mkondo

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele humea kwa muda wa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika kwa miezi mitatu hivi, halafu huanguka na mwingine huchipuka mahali pale pale. Ndiyo sababu kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Ukiziona kwenye kitana au kwenye mto wa kulalia, usishtuke.

Kwa kijana mwenye upara wa kurithi, jambo linaloharibika ni kule kuchipuka. Shina la unywele husinyaa kidogo kidogo, na kila unywele mpya huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Mwishowe hubaki malaika tu, vile vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga, na baadaye hata hao hawaonekani. Bandu bandu huisha gogo. Aghalabu mambo huanzia kwenye mapanja, mikono miwili ya ngozi ikapanda juu kama herufi M, au huanzia utosini kwa duara dogo ambalo mwenyewe huwa wa mwisho kuliona. Nywele za pembeni na za kisogoni husalia.

Kwa nini? Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alitambua kwamba matowashi hawaoti upara. Ilichukua karne nyingi kabla ya jambo hilo kuchunguzwa kisayansi. Mwaka wa 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya wanaume waliohasiwa. Waliohasiwa kabla ya kubaleghe walibaki na nywele zao zote. Lakini baadhi yao walipopewa homoni ya kiume iitwayo testosteroni, wale waliotoka katika jamaa zenye upara walianza kupoteza nywele. Hapo ikadhihirika kuwa upara huu unahitaji mambo mawili yakutane: urithi na homoni.

Mwaka wa 1974 daktari mwingine wa Marekani, Julianne Imperato-McGinley, na wenzake waliandika habari za jamaa fulani katika Jamhuri ya Dominika. Huko kulikuwa na watoto waliozaliwa wakiwa na maumbile yaliyofanana na ya kike, kisha walipobaleghe wakawa wanaume. Watoto hao walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni nyingine kali zaidi, ambayo wataalamu huiita DHT kwa kifupi. Walipokuwa watu wazima, tezi dume yao ilibaki ndogo na vichwa vyao havikuota upara. Kumbe DHT ndiyo inayosinyaza shina la unywele kwa mtu aliyezaliwa na mashina yanayoathirika nayo.

Wengi husema upara hutoka kwa wajomba, yaani upande wa mama. Usemi huo una ukweli nusu. Jeni moja muhimu inayohusika iko katika kromosomu ya X, na mwanamume hupata kromosomu hiyo kwa mamake. Hata hivyo, uchunguzi wa wanaume wapatao 52,000 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2017, ulipata zaidi ya sehemu 200 za urithi zinazohusiana na upara, na nyingi haziko katika kromosomu hiyo. Kwa hivyo mtazame mjomba, lakini umtazame baba pia.

Tukiwa hapo, tuondoe mambo matatu yanayosingiziwa bure. Kofia haileti upara. Maji ya chumvi ya kisima hayaleti upara wa kurithi, ijapokuwa huzifanya nywele kuwa ngumu. Na kusoma sana hakuchomi nywele za mtu. Laiti ingekuwa hivyo, maktaba zetu zingejaa vipara.

Si kila upara ni wa kurithi

Kabla ya kijana kutumia hata senti moja, ahakikishe kwanza kwamba ugonjwa wake ndio huu. Yapo maradhi kadhaa yanayong'oa nywele, na kila moja lina tiba yake.

Nywele zikitoka ghafla na kuacha duara laini kama sarafu, yamkini huo ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele. Mara nyingi mabaka hayo hupona yenyewe au kwa dawa ya daktari. Duara likiwa na magamba na mwasho, basi huenda ni choa au vibarango, maradhi ya ukungu ambayo huambukizwa hata kwa mashine ya kinyozi. Vipele vigumu kisogoni, vinavyokuja baada ya kunyolewa chini kabisa, ni shida nyingine inayowasumbua wanaume wengi wa Kiafrika, nayo huacha makovu yasiyoota nywele. Kijana aliyesuka nywele au kufuga rasta zinazovutwa kwa nguvu anaweza kupoteza nywele za mbele kwa sababu ya kule kuvutwa tu.

Kuna na nywele zinazopukutika kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, upasuaji, njaa au mfadhaiko mkubwa. Hizo kwa kawaida hurudi. Ukosefu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingoni pia hupunguza nywele. Hata kaswende, katika hatua yake ya pili, inaweza kung'oa nywele kwa mabaka mabaka.

Unaona basi, ndugu msomaji, kwa nini daktari aliyesomea magonjwa ya ngozi anafaa kukitazama kichwa hicho kwanza. Kijana anayejificha na kujitibu upara kwa mafuta huenda anaficha ugonjwa ambao ungepona kwa tembe za majuma machache.

Dawa mbili zilizothibitishwa

Ikiwa daktari amethibitisha kuwa upara ni wa kurithi, zipo dawa mbili ambazo zimepitia majaribio makubwa. Zote mbili ziligunduliwa kuwa dawa za nywele baada ya kuanza safari yake kwenye maradhi mengine.

Ya kwanza ni minoksidili. Hii ilianza kama tembe za shinikizo la damu. Madaktari wakagundua kwamba wagonjwa waliozimeza walikuwa wakiota nywele usoni na mikononi. Kampuni ya Upjohn ikaitengeneza kuwa maji ya kupaka kichwani, na mwaka wa 1988 serikali ya Marekani ikaidhinisha iuzwe kwa jina la Rogaine. Siku hizi hutengenezwa na kampuni nyingi kwa majina mbalimbali.

Namna ya kuitumia ni hii. Wanaume hutumia ile yenye nguvu ya asilimia 5, mililita moja asubuhi na mililita moja jioni, juu ya ngozi ya kichwa iliyokauka. Isipakwe juu ya nywele tu. Mikono ioshwe baadaye. Katika majuma ya mwanzo nywele zinaweza kuanguka kwa wingi kuliko kawaida, na hapo wengi huingiwa na hofu na kuitupa chupa. Ni kosa, kwa maana zile dhaifu huwa zinapisha nyingine. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi minne hadi sita. Dawa hii hufanya vyema zaidi utosini kuliko kwenye mapanja, na huwafaa zaidi wale ambao upara wao haujakaa muda mrefu. Shina lililokwisha kufa haliamshwi na dawa yoyote ya kupaka.

Madhara yake kwa kawaida ni mwasho na ukavu wa ngozi. Ikimiminika usoni yaweza kuotesha nywele usipozitaka. Anayeona kizunguzungu, moyo kwenda mbio au maumivu ya kifua aache na amwone daktari upesi. Na kwa nyumba zenye paka, kuna onyo lisilojulikana na wengi: minoksidili ni sumu kali kwa mnyama huyo. Akilamba kiasi kidogo tu kwenye mto au mkononi mwako anaweza kufa.

Miaka ya karibuni baadhi ya madaktari wa ngozi wamekuwa wakiwapa wagonjwa minoksidili ya kumeza kwa kipimo kidogo sana. Hiyo ni kazi ya daktari anayekupima shinikizo la damu na moyo. Si dawa ya kujinunulia.

Dawa ya pili ni finasteridi. Kampuni ya Merck iliitengeneza ikifuata yale yaliyogunduliwa katika Jamhuri ya Dominika, yaani kukizuia kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Mwaka wa 1992 iliidhinishwa Marekani kwa wazee waliofura tezi dume, kwa kipimo cha miligramu 5. Mwaka wa 1997 ikaidhinishwa kwa upara wa wanaume kwa kipimo cha miligramu 1 kila siku, kwa jina la Propecia. Katika majaribio ya miaka miwili, wanaume 83 kati ya kila 100 walioimeza hawakupungukiwa na hesabu ya nywele zao. Miongoni mwa waliopewa tembe zisizo na dawa, waliosalia hivyo walikuwa 28 tu kati ya 100.

Tazama vizuri maana ya hesabu hiyo. Faida kubwa ya dawa hizi ni kuhifadhi zilizopo. Wengine huota nywele mpya, lakini hakuna anayerudishiwa kichwa alichokuwa nacho akiwa na miaka 15. Ndiyo sababu kuchelewa ni hasara: anayekuja na nywele nyingi huhifadhi nyingi, na anayekuja na chache huhifadhi chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na madaktari wengine huzitumia dawa zote mbili pamoja, kwa maana zinafanya kazi kwa njia tofauti na zikiungana husaidia zaidi.

Sharti la kutokoma

Sasa tuje kwenye lile ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Dawa hizi haziuondoi urithi. Zinauzuia kwa muda wote ambao unazitumia. Ukiacha minoksidili, nywele ulizozipata huanguka katika miezi michache. Ukiacha finasteridi, katika muda wa mwaka mmoja hivi unarudi pale ambapo ungekuwa kama hukuitumia kabisa.

Hebu tufanye hesabu ya nyumbani. Kupaka mara mbili kwa siku ni mara 730 kwa mwaka. Chupa ya mililita 60 huisha kwa siku 30, kwa hivyo ni chupa 12 kwa mwaka. Kijana aende kwenye duka la dawa, aulize bei ya chupa moja, azidishe mara 12, kisha azidishe tena kwa miaka 10. Halafu ajiulize: fedha hizo zitatoka wapi? Mwanafunzi anayekula karo ya muhula ili anunue chupa tatu, kisha akose ya nne, amepoteza karo na nywele pamoja. Afadhali asianze kabisa kuliko kuanza na kuacha kila baada ya miezi miwili.

Madhara yasiyofaa kufichwa

Finasteridi inagusa homoni, na hapo ndipo mzaha unapokwisha. Katika majaribio yale ya mwanzo, wanaume karibu 4 kati ya 100 walioimeza walipata shida za kitandani, kama vile kupungua kwa hamu, nguvu za kiume au shahawa. Waliopewa tembe zisizo na dawa walikuwa 2 kati ya 100. Wengi wao walipoacha dawa walirudi katika hali yao ya kawaida. Hata hivyo, wapo wanaume waliosema kuwa shida hizo ziliendelea hata baada ya kuacha, na maonyo ya dawa hii yanalitaja jambo hilo.

Kuna zito zaidi. Mwezi wa Mei mwaka wa 2025, kamati inayosimamia usalama wa dawa barani Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kutaka kujitoa uhai ni mojawapo ya madhara ya tembe za finasteridi. Kamati hiyo haikuipiga dawa marufuku, kwa kuwa iliona faida yake bado inazidi hatari. Lakini maana yake kwa familia ni wazi. Kijana anayeimeza akianza kuwa na huzuni nzito, kujitenga na watu au kukosa usingizi, aache dawa na apelekwe kwa daktari mara moja.

Sasa fikiria kijana anayezinunua tembe hizi kwa siri, kwa njia ya simu, na kuzificha chini ya godoro. Mabadiliko yakimjia, nani atajua yametoka wapi? Mama atadhani ni mapenzi. Baba atadhani ni uvivu. Mwenyewe naye, aliyeanza safari hii kwa sababu ya aibu, atakuwa na aibu ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Huko ndiko kuponzwa na siri tulikokutaja mwanzoni.

Yapo mambo mengine ambayo watu wa nyumbani wanapaswa kuyajua. Mwanamke mwenye mimba asizishike tembe zilizovunjika, kwani dawa hii yaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Anayezimeza asitoe damu hospitalini hadi mwezi mmoja upite tangu alipoacha. Zaidi ya hayo, dawa hii hupunguza kwa karibu nusu kipimo cha damu kinachotumiwa kuchunguza saratani ya tezi dume, kwa hivyo mwanamume yeyote anayeitumia amwarifu daktari kabla ya kupimwa. Aliye chini ya miaka 18 haimfai.

Kupandikiza nywele

Wenye fedha siku hizi huzungumza juu ya kupandikiza. Daktari Norman Orentreich wa New York alianza kazi hii kwa wanaume wenye upara mwaka wa 1952. Aligundua kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele huendelea kumea kama zilivyokuwa zikimea kisogoni. Tangu hapo ufundi umeendelea sana, na mji wa Istanbul nchini Uturuki umekuwa kivutio cha wanaume kutoka pembe nyingi za dunia.

Lakini kijana wa miaka 22 asikimbilie huko. Upara wake bado unatembea. Akipandikiza nywele mbele leo, zile zilizo nyuma yake huenda zikaendelea kutoweka, na baada ya miaka michache atabaki na kisiwa cha nywele katikati ya ngozi tupu. Tena nywele za Mwafrika hujipinda hata chini ya ngozi, kwa hivyo daktari asiyezizoea anaweza kulikata shina badala ya kulitoa. Na aliye na ngozi inayofanya makovu ya kuvimba, kama yale tunayoyaona masikioni baada ya kutogwa, amweleze daktari kabla ya kisu kumgusa.

Jihadhari na matapeli

Biashara ya kuuza matumaini kwa wenye vipara ni kongwe. Maandishi ya Misri ya kale yaitwayo Ebers, ya miaka kama 3,500 iliyopita, yanataja dawa ya upara iliyochanganywa mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka na nyoka. Wauzaji wa leo wamebadilisha wanyama tu.

Mafuta ya nyonyo hulainisha nywele, na mshubiri hutuliza ngozi. Hakuna ubaya kujipaka. Lakini hakuna kati ya hivyo kinachokizuia kile kimeng'enya tulichokitaja. Maji ya vitunguu nayo yana historia yake: jaribio dogo la Baghdad, lililochapishwa mwaka wa 2002, lilionyesha kuwa yalisaidia watu wenye mabaka ya ghafla, ule ugonjwa wa kinga ya mwili. Hao si wagonjwa wa upara wa kurithi. Asemaye vitunguu hutibu kila kipara amechanganya magonjwa mawili.

Mtapeli hutambulikana kwa maneno yake. Akikuahidi nywele kwa majuma mawili, mkimbie. Hata dawa halisi huhitaji miezi. Akisema atakuponya upara mara moja na kwa daima, mkimbie. Chupa isiyoandikwa kilichomo ndani iache pale pale, maana nyingine hutiwa dawa kali zinazoiharibu ngozi. Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, dai risiti, na utazame tarehe ya kuharibika.

Kwako mzazi, na kwako dada

Mzazi, kijana wako akianza kukaa na kofia mezani, usimcheke wala usimwambie kwamba hata babu yake alikuwa hivyo na akaoa wake watatu. Maneno hayo ni ya kweli pengine, lakini hayamtibu. Mwulize kwa upole amelionaje jambo hilo, na kama angependa mwende pamoja kwa daktari wa ngozi. Kliniki za ngozi ziko katika hospitali kubwa za serikali, na safari moja ya huko ni rahisi kuliko mwaka mzima wa chupa za barabarani. Akichagua dawa, jueni nyumbani ni dawa gani na ameianza lini.

Nanyi akina dada, mzaha wenu hukata kuliko wembe. Kijana aliyechekwa na wasichana wa darasa lake ndiye mteja wa kwanza wa tapeli.

Wembe nao ni tiba

Mwishowe, yuko kijana atakayesikia haya yote, apige hesabu ya chupa na madhara, kisha aamue kutotumia dawa yoyote. Huyo hajashindwa. Upara wa kurithi hauui, hauambukizi, hauzuii mtu kuoa wala kuzaa. Michael Jordan, yule mchezaji wa mpira wa vikapu wa Chicago, alikinyoa kichwa chake chote akiwa bado kijana, na vijana wa dunia nzima wakakimbilia vinyozi wakitaka kufanana naye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Anayechagua wembe akumbuke mambo mawili. Mashine na wembe wa kinyozi visafishwe mbele ya macho yake kabla ya kumgusa, au awe na mashine yake mwenyewe, kwani choa na hata maradhi yanayoambukizwa kwa damu hupitia hapo. Na juani avae kofia. Sasa ataivaa kwa sababu ya jua tu.

Kwa hivyo, kijana, chagua. Ukitaka dawa, anza mapema, jua gharama yake na usiikatize. Ukitaka wembe, nyoa na uinue kichwa. Njia yoyote utakayoishika, asikose mtu mmoja nyumbani anayeijua.

Tukutane tena Jumapili ijayo, Mungu akipenda.